Mashua Inayoinua Kichwa

Jumatatu, 5 Agosti 1957

Nahodha wetu amehamia Unguja na mke mpya. Mashua ya mota ya Bi Mwanamkasi, Bi Mkubwa wetu, haina wa kuiendesha. Jumapili atateua. Ni mimi au Miraji, baharia wetu. Mimi ndiye fundi wa mota, mtu wa Lushoto, nimesoma. Miraji anajua kupiga mluzi na kuvaa kofia upande.

Tatizo moja. Tukienda Kigombe mashua inainua kichwa. Mbele, kwenye omo, iko juu, nyuma kwenye tezi inataka kuzama, anayeendesha haoni mbele. Leo nusura tupande nyavu za watu. Miraji akamwambia Bi Mkubwa kwamba fundi amefunga mota vibaya. Mwongo! Mota nimeifunga sawasawa. Sababu ni Bi Mkubwa mwenyewe. Anakaa tezi, kwenye kiti chenye mto, karibu na mota, na Mungu amemjalia mwili. Mbele hakai. Mbele ni kwa mbuzi na matenga ya samaki. Sasa nani atamwambia? Nilitoa shikamoo yangu, nikanywea.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata! Chombo cha kuilaza mashua chenyewe, bila mtu kuambiwa ahame. Bao pana nyuma ya tezi, limeshikwa na bawaba. Ndani, jiwe zito linaning'inia kama timazi ya mwashi. Omo ikipanda, jiwe linakwenda nyuma, linasukuma fimbo, bao linashuka majini, tezi inanyanyuka. Mashua ikishalala sawa, jiwe linarudi na bao linapanda. Hakuna mkono wa mtu.

Bertha, mke wangu, akauliza kwa nini nisimwombe tu huyo mama asogee mbele. Nilimhurumia. Hajui ufundi wala hajui watu wa Pangani.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimejaribu mtoni, Bi Mkubwa akiwa msibani Mwera. Niliweka gunia la mbata, nazi kavu, kwenye kiti chake. Jiwe likatulia. Gunia la pili. Jiwe likaenda, bao likashuka. Safi kabisa.

Miraji akapita. Akauliza nani atajua kama kitu hicho kinafanya kazi, maana bao liko chini ya maji. Swali la kijicho, lakini nimelichukua. Nimefunga kengele ya mbuzi kwenye fimbo. Bao likishuka, kengele inalia, na Bi Mkubwa ataisikia kazi ya fundi Manase kwa masikio yake. Nimeanza kufikiria kofia ya unahodha.

Jumamosi, 10 Agosti

Harusi Kigombe. Wanawake wamejaa mashuani na gatini. Bi Mkubwa akaingia, udi unanukia mpaka ng'ambo. Akaketi. Kengele ikalia. Akauliza ni nini hiyo. Nikasema ni heshima yake.

Akainuka kurekebisha buibui. Kimya. Akaketi. Kengele. Wanawake wakaanza kutazamana. Saleha, jirani yake mwenye mdomo, akaomba naye ajaribu kiti. Kimya. Akakaa mwingine, na mwingine, hata yule muuza maandazi ambaye naye si haba. Kimya. Bi Mkubwa akarudi kitini polepole mno, kama anakalia mayai. Ikalia.

Vicheko! Nikaona mambo yanaharibika, nikasimama kumtetea. Nikaeleza kwa sauti, wote wasikie, kwamba kengele haina ubaya na mtu, nimeipima kwa mikono yangu: hailii mpaka uzito ufike magunia mawili ya mbata. Hapo kicheko kikaenea mpaka gatini. Miraji alilala chali juu ya kamba.

Njiani mashua ilikwenda imelala kama mkeka. Tuliona mbele mpaka Kigombe. Hakuna aliyetaja hilo. Kila wimbi lilipotupiga kengele ililia, na kila ilipolia walipiga vigelegele. Bi Mkubwa harusini hakugusa pilau.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda kanisani, nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Macho yamemvimba. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba amezaliwa Pangani na kuzikia wazee wake Pangani, na hakuna aliyewahi kumpima kwa mbata. Sasa akipita sokoni watu wanaiga kengele kwa ulimi. Unahodha amepewa Miraji. Mimi nisikanyage mashua yake tena. Mota ikiharibika italetwa nchi kavu.

Imeniuma. Nilidhani nitaficha aibu yake, na malipo yangu ndiyo haya.

Kazi ya kwanza ya Nahodha Miraji ilikuwa kung'oa bao langu. Jioni niliwaona wakirudi, omo imetazama mbinguni, Miraji anaendesha kwa kubahatisha. Nasikia amemwambia Bi Mkubwa kwamba mashua za watu wakubwa ndivyo zinavyokwenda. Naye amefurahi!

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefikiri kwa utulivu. Chombo hakina kosa. Kosa ni kelele. Mtu mzima hapendi kelele.

Habari njema: Mzee Idarusi wa Kigombe amenunua mashua ya mota na anatafuta nahodha. Naye hukaa tezi, naye ni mnene kumshinda Bi Mkubwa. Kengele nimeitupa. Badala yake nimetayarisha bendera nyekundu, kubwa, ya kuvutwa na fimbo ya bao mpaka juu ya mlingoti. Mzee akiketi inapanda yenyewe, kimya kimya, kwa adabu. Itaonekana mpaka Pangani.