Uzinduzi wa Dirisha la Sebuleni

Napenda kuutangazia umma, yaani mke wangu, mama yangu na majirani wawili wanaopenda kutega sikio ukutani kwetu, kwamba Mradi wa Kubadilisha Madirisha ya Nyumbani umetekelezwa kwa mafanikio makubwa. Yaliyobaki ni maelezo tu, na maelezo hayo ndiyo yanayonitoa jasho.

Kazini mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Uratibu wa Mipango. Watu wengi hawajui kitengo hicho kinafanya nini. Hata mimi ilinichukua miaka miwili kujua, na nilipojua niliona heri ninyamaze. Lakini kwa kupanga, sijambo. Nipe ukuta na msumari, nami nitakupa rasimu ya kurasa arobaini kabla hujashika nyundo.

Mambo yalianzia chumbani kwa mama. Mama anaishi nasi, na chumba chake ni kile cha nyuma. Dirisha lake lilikuwa la mbao. Mchwa walishaila fremu upande wote wa chini, kioo kimoja kilikuwa na ufa na cha pili hakikuwepo kabisa. Mvua ikinyesha, maji yalishuka ukutani hadi kwenye godoro. Mama ana kifua, na kila wiki kikohozi kilizidi. Daktari wa zahanati alimwambia mke wangu bila kumung'unya maneno: huyu bibi akiendelea kulala kwenye unyevu ule, mvua kubwa zikianza tutamlaza hospitali.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "muite fundi kesho abadilishe dirisha la mama."

"Nyumba hii ina madirisha saba," nikamjibu. "Huwezi kugusa moja kabla ya kuwa na dira ya yote."

"Bovu ni moja."

"Hizo ndizo tunazoziita fikra za zimamoto."

Basi nikaunda Kamati ya Uelekezi. Mwenyekiti nikawa mimi, katibu mke wangu, na mama nikamteua mwakilishi wa watumiaji. Kikao cha kwanza kilikaa sebuleni, penye meza yangu ya kazi na mafaili yangu, kikiwa na ajenda tisa. Mama alikohoa kuanzia ajenda ya pili hadi ya sita. Nilimwagiza katibu aandike kwamba mjumbe alichangia mara kadhaa.

Kikao cha tatu kilimwalika fundi wa madirisha kutoa maoni ya kitaalamu. Fundi yule hakukaa hata kwenye kiti. Alinyoosha moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, akaigusa fremu, kipande kikabaki mkononi mwake. Akatoa futi, akapima juu, akapima ubavuni, akaandika namba mbili kwenye kiganja.

"Bosi, hii kazi ya saa tatu," akasema. "Fremu ya alumini ya kipimo hiki ninayo pale karakana. Kesho mchana bibi anajipumzikia zake."

"Umepima kwa idhini ya nani?"

Akaiangalia futi yake. "Nimepima kwa futi."

"Hadidu za rejea hazijapitishwa. Virudishe hivyo vipimo."

"Nivirudishe wapi, bosi?"

Nikaitisha kikao kingine.

Hatimaye tukafika kwenye tathmini. Niliandaa vigezo vitatu vya kisayansi: dirisha linavyoonekana kutoka barabarani, hadhi ya chumba, na idadi ya wageni wanaopita hapo kwa mwezi. Dirisha la mbele, la sebuleni, lilipata alama tisini na nne. Lilikuwa dirisha zima kabisa. Linafunguka, linafungika, na vioo vyake mke wangu huvifuta kila Jumamosi. Dirisha la mama lilipata alama tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa za huruma.

Mama alisikiliza matokeo akiwa amejifunga shuka mabegani.

"Kwa hiyo lililo zima linang'olewa, lililo bovu linabaki?"

"Mama, wewe unaangalia ubovu. Sisi tunaangalia taswira."

"Haya. La kwangu lini?"

"Awamu ya Nne."

"Hiyo awamu ya nne ni lini?"

"Mara tu baada ya ya tatu."

Mke wangu akafunga daftari la kumbukumbu na kunitazama. Jicho lile halina nafasi kwenye fomu yoyote ninayoijua.

Msinione mtu nisiye na moyo. Nilikuwa namsikia mama akikohoa upande wa pili wa ukuta, na niliumia. Niliumia kiasi cha kuongeza ajenda. Tena nilichukua hatua za dharura: nilibandika boksi la runinga kwenye lile tundu la kioo, juu yake nikaweka kibao kilichosema "Samahani kwa Usumbufu, Tunajenga kwa Ajili Yako". Mvua ya kwanza ililainisha boksi likawa uji. Kibao kilibaki imara. Nikaripoti kikaoni kwamba hatua za dharura zimefanikiwa kwa asilimia hamsini.

Mwezi wa nne tangu daktari aseme yake, Awamu ya Kwanza ikakamilika na dirisha la sebuleni likawa jipya, pana, linalong'aa hadi wapita njia wakasimama kuchana nywele. Nikaandaa uzinduzi. Kulikuwa na utepe mwekundu, viti kumi na viwili vya plastiki, majirani na fundi mwenyewe aliyevaa shati lililopigwa pasi. Mgeni rasmi alikuwa mama. Nilidhani ni heshima kubwa kumpa nafasi hiyo.

Nilihutubia kwa dakika thelathini na tano. Nikasema dirisha hili si la mtu mmoja. Ni la familia nzima, ni la vizazi, ni la kila mwananchi wa nyumba hii bila kujali chumba anacholala. Majirani wakapiga makofi. Mama akakata utepe, tukaingia ndani, nikamkalisha kwenye sofa kando ya dirisha ili apigwe picha.

Mama akakaa. Akanyoosha mkono hadi kwenye kioo, akausogeza hadi kwenye pembe ya fremu, akauacha hapo kwa muda.

"Hapa hapapiti upepo," akasema.

"Hata chembe, mama. Huo ndio ubora wa mradi."

"Wala maji?"

"Wala tone."

Akamgeukia mke wangu. "Mwanangu, niletee kitanda changu."

Nilicheka, kwa sababu ratiba ilionyesha sehemu ya utani inafuata. Mke wangu hakucheka. Tayari alikuwa koridoni, fundi nyuma yake akikunja mikono ya shati lake zuri.

"Mama, hii ni sebule," nikasema. "Wageni watakaa wapi?"

"Umesema dirisha ni la kila mwananchi. Mimi si mwananchi?"

"Ni mwananchi, ila kuna utaratibu..."

"Umeusoma wote huo utaratibu, mwanangu, nami nimekaa nikausikiliza. Sasa nimechoka, nataka kulala."

Kitanda kikapita mlangoni kikiwa kimebebwa na majirani niliowaalika mimi mwenyewe, kwa barua zenye muhuri. Kwa kuwa sebule haina nafasi ya kitanda na meza ya kazi, meza yangu ikatoka. Ilipelekwa kwenye chumba pekee kilichokuwa wazi, na mafaili yangu yote yakaifuata. Mama alilala pale pale kabla wageni hawajaaga. Hakukohoa. Mke wangu alisimama mlangoni akimsikiliza, kisha akaingia jikoni, na nadhani alilia kidogo.

Jumatatu nikaanza kufanya kazi zangu za nyumbani chumba cha nyuma. Nilijiambia kiongozi lazima akubali mazingira magumu. Jumanne alasiri mvua ikanyesha. Upepo ulipiga mara moja tu, rasimu ya Awamu ya Pili ikaruka na kutua kwenye dimbwi pembeni ya ukuta. Maji yakachuruzika juu ya meza. Nikasogeza kiti kushoto, yakanifuata kushoto. Soksi zililowa. Nilipiga chafya, nikapiga ya pili, na kabla ya ya tatu simu ilikuwa sikioni.

"Fundi, ile fremu bado ipo?"

"Ipo, bosi. Ipo tangu siku ile."

"Njoo nayo kesho asubuhi na mapema. Hapa hali ni mbaya sana, mtu anaweza kuugua."

"Sawa, bosi," akasema.

Jumatano alikuja saa mbili, na saa tano alikuwa anafagia vumbi la mbao. Kama alivyosema, kazi ya saa tatu. Mama akaja kuangalia, akitembea taratibu, mkono ukutani. Alisukuma kioo kikateleza bila kelele. Akapapasa ukingo wa chini, ule ambao kwa miezi ile yote ulimlowesha godoro.

"Zuri," akasema. "Kikao kimekaa lini?"

"Hatukukaa, mama."

"Safari hii limepata alama ngapi?"

"Hatukulipima."

"Basi fundi amefikaje hapa?"

Nilitaka kusema neno kuhusu taratibu za dharura. Lilikuwa limefika hadi kwenye ulimi, lakini nikaona aibu, aibu ya kweli ya mtoto mbele ya mama yake.

"Nilimpigia simu," nikasema.

Mama akalifunga dirisha polepole, akaweka komeo.

"Miezi minne, mwanangu," akasema. "Kumbe ilikuwa simu."