Bokilo Akikupa Karata

Jumatatu, 8 Agosti 1960

Siku njema. Papa Wenceslas, baba yake Florentine, ametaja mahari: mbuzi wawili, pagne sita za kitenge na redio. Mbuzi ninao, pagne nitapata. Redio sina. Lambert, karani wa posta, naye anamtaka Florentine, na yeye pia hana redio. Jambo hilo limenifariji.

Papa alinipakulia pondu, majani ya muhogo, mara nne. Nilikula yote. Kwetu mkono wa bokilo, yaani wa mkwe, haukataliwi. Anachokupa unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Naandika nikiwa chali.

Jumatano, 10 Agosti

Redio imeonekana! Mgiriki mwenye klabu kando ya mto ametangaza mchezo wa ishirini na moja, Jumamosi alasiri. Atakayebaki na jetoni nyingi, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa, anachukua redio ya baa. Zamani tuliingia pale kwa mlango wa jikoni tu. Sasa uhuru una wiki sita, tunapita mbele.

Mgiriki amenieleza. Rahisi mno. Unapewa karata mbili, unajumlisha. Mfalme, malkia na askari ni kumi kila mmoja. Asi ni moja au kumi na moja, upendavyo. Mgawaji anakuuliza kama unataka nyingine. Anayekaribia zaidi ishirini na moja anashinda; ukiipita, umeungua. Kwa hiyo ukifika kumi na saba, kataa. Kukataa tu, basi.

Nimeweka rehani baiskeli yangu, nikapewa jetoni arobaini. Lambert ameweka saa yake ya mkono.

Ijumaa, 12 Agosti

Nimecheza mkekani, mimi dhidi ya mimi. Nimeshinda mara kumi na nne. Niliyemshinda naye hakucheza vibaya.

Jumamosi, 13 Agosti

Nilipita mlango wa mbele na tai ya kuazima. Kumbe mgawaji Mbelgiji alipanda ndege tangu Julai. Mezani, kwa koti jeupe, alisimama Papa Wenceslas! Miaka kumi amepanga glasi pale, na leo asubuhi amepandishwa cheo.

Nilipata kumi na tisa. Papa akanyoosha karata, akauliza kwa upole, "Mutoto yangu, nikuongezee?" Mkono wa bokilo uko hewani. Watu wanatazama. Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Ilikuwa nane. Nikaungua.

Mara ya pili nilikuwa na ishirini. Nikapokea. Mara ya tatu nilifika ishirini na moja kamili kwa karata tatu. Papa mwenyewe alisita, lakini ni kazi yake kuuliza. Nikapokea.

Lambert, pembeni yangu, alimwambia mzee usoni kwamba inatosha. Mara kumi, bila haya. Akaondoka na redio begani. Mimi nilirudi kwa miguu. Sikuwazia baiskeli. Nilimwazia Florentine mpaka nyumbani.

Jumapili, 14 Agosti

Papa Wenceslas aliniita. Nilijua anakwenda kunifukuza. Nikamkuta Lambert anatoka na redio yake, amenuna. Papa ameikataa. Alisema kijana anayemkatalia mara kumi mbele ya watu, kesho atamkatalia hata maji. Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu iko na heshima. Nilimupa mpaka akaungua, akasema aksanti."

Redio imefutwa katika mahari. Harusi ni Oktoba. Florentine alicheka mpaka akashika ukuta. Furaha yangu haina mfano.

Jumanne, 16 Agosti

Florentine amenieleza taratibu kwamba sikushinda karata hata moja, ila baba yake amenipenda tu. Ameniomba nisirudi kwa Mgiriki. Nikaitikia. Ana furaha, kwa hiyo haoni mambo kwa undani. Mimi nimeyapima: nilipokea kila karata, nikapata mke. Mbinu ndiyo hiyo.

Jumamosi Mgiriki anatoa zawadi nyingine, baiskeli karibu mpya. Naifahamu vizuri, ni yangu. Cha kuweka nimeshapata. Papa Wenceslas, kwa huruma, ameniazima baiskeli yake nisiende kazini kwa miguu. Nitaipitisha mlango wa jikoni asiione, kisha nitaketi mezani pake na kupokea.