Magofu ya Nyuma ya Karakana

Jumatatu, 3 Juni
Chuo cha ufundi cha mtaani kinatimiza miaka hamsini. Mkuu wa chuo kaja kunyoa ndevu kibandani kwangu, hapa langoni, akilalamika hakuna ajuaye darasa la kwanza lilikuwa wapi. Atakayelipata ndiye atakayewatembeza wageni Ijumaa! Mkutubi, aliyekuwa akisubiri zamu, akacheka: kinyozi ashike wembe, historia awaachie wenye miwani. Loo! Mimi niliyesoma hapa muhula mzima wa ushonaji, nikafukuzwa kwa wivu tu?

Jumanne, 4 Juni
Nimelipata! Nyuma ya karakana. Matofali yameliwa pembe, mlango hauna chumba, ngazi inapanda mbinguni. Nimezungusha kamba na kibao: MAGOFU. USIGUSE. Mkutubi kapita, kanuna. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Juni
Binti wa dada yangu, anayesomea uashi, kaja mbio na mwiko mkononi. Eti mjomba, mtihani wangu umeufungia kamba! Ukuta kaujenga yeye wiki iliyopita. Msahihishaji anakuja kesho; asipoupima, mwaka umekwenda na maji. Nikauliza mbona matofali yamenizidi uzee. Akasema udongo wa kuunganishia matofali ya mazoezi hautiwi saruji, ili yabanduke mazima: kila darasa hujenga, hupimwa, hubomoa, na wanaofuata hujenga kwa yaleyale. Tangu lini? Hajui. Swali limenikaa kichwani hadi nikamnyoa mteja nyusi.

Alhamisi, 6 Juni
Ijumaa yangu, au mwaka wake? Dada akisikia atanitafuna mbichi. Na mtoto mwenyewe macho yalishamjaa maji. Nimekata kamba, nikamwambia msahihishaji kwamba nimeshaukagua, hauna neno. Akashusha timazi, uzi wake wenye risasi, kando ya ukuta: wima kama askari. Kafaulu! Nikamng'ang'ania shati: matofali haya ya lini? Akasema hata yeye alijengea hayohayo, na mwalimu wake kabla yake. Wanafunzi wa kwanza kabisa hawakuwa na madawati, waliyakalia. Basi darasa la kwanza ndiyo haya matofali! Nikageuka nimwite mkuu. Nyuma yangu, mkutubi, masikio kama ungo.

Ijumaa, 7 Juni
Mkutubi kawatembeza wageni mbele ya lundo la matofali, maneno yangu mdomoni mwake. Mpwa kaniletea tofali moja, kaniambia mjomba kaa, nawe ni darasa la kwanza. Nimekaa. Historia inauma makalio.

Lakini nikiwa hapohapo, jicho likaangukia ubavuni mwa karakana ya mafundi bomba. Mabomba yamejipanga ukutani, hakuna paa, hakuna tone la maji. Hamamu ya wafalme! Kamba bado ninayo.