Mende Mwenye Mgongo wa Kijani

Redio ilisema, na redio yetu ikisema jambo hakuna wa kuibishia isipokuwa sisi, kwamba mende akikatwa kichwa anaweza kuishi hata wiki nzima.

"Wiki moja tu?" akadakia Brashi, fundi wetu wa rangi. "Mbona hapa tuna mtu kaishi miaka arobaini na mbili?"

Wote wakanigeukia mimi. Kilichoniuma ni kwamba waligeuka kwa pamoja bila kuulizana.

Kijiwe chetu kipo mbele ya kibaraza cha Sentimita, fundi cherehani ambaye utepe wa kupimia hautoki shingoni hata msibani. Pana mabenchi mawili, pana jiko la mkaa linalohudumia pasi na birika la kahawa kwa zamu, na katikati pana mfuniko wa zege wa chemba ya maji machafu. Mfuniko huo ndio meza yetu, na juu yake ndipo tunapochezea drafti. Una tundu la kuinulia, upana wa vidole viwili, na tundu hilo tumelipa jina: Koo. Mashapo ya kahawa, maganda ya karanga, makombo ya mkate, vyote tunavitia Kooni. Miaka minane na halijawahi kujaa. Mwalimu Chaki, mstaafu wetu, husema huo ndio mfumo pekee wa usafi unaofanya kazi mtaa mzima.

Mimi naitwa Komandoo. Ni mlinzi wa ghala la vifaa vya ujenzi. Nina rungu, filimbi na magwanda yenye mifuko sita. Jina nilijipa mwenyewe, nikawaambia nimepitia kikosi maalumu. Ukweli ni kwamba nilikaa kambini miezi mitatu nikimenya vitunguu, na hata huko nilikuwa nalia.

"Komandoo," akasema Sentimita huku akitoboa tundu la kifungo, "mama mkwe anafika saa ngapi vile?"

"Saa kumi kamili."

"Na sasa ni saa nane na nusu. Mende umewamaliza?"

"Nimewapunguza."

"Amewapunguza!" Brashi akapiga goti lake. "Mwenzetu anawanyoa!"

Walicheka, na mimi nikacheka ili nisionekane nimeumia. Wiki mbili nyuma tulikuwa mezani, mimi, mke wangu, binti yetu na mama mkwe. Mende mmoja, hawa wakubwa wa bomba la bafuni, mwekundu, mwenye mbawa zake kamili, akaruka kutoka uani akatua juu ya kilemba cha mama mkwe. Mwanamume wa nyumba alitakiwa afanye kitu. Nilifanya. Nilitoka mbio nikafunga mlango kwa nje, nikashika kitasa kwa mikono miwili. Ndani nilikuwa nimewafungia mke, mtoto, mama mkwe na mende.

"Na ulivyokuwa unapiga kelele kule nje!" Mwalimu Chaki akanikumbusha, maana jirani hakosi kusikia. "Ulikuwa unauliza, 'Mmemuua? Mmemuua?'"

"Nilikuwa naratibu, Mwalimu."

"Uliratibu ukiwa na kijiko mkononi."

Mama mkwe alimuua kwa kandambili, pigo moja. Mke wangu akafungasha jioni ile ile. "Mimi nilizaa mtoto mmoja tu," aliniambia, "huyu wa pili mwenye masharubu sikumwomba." Wakaenda kwa mama yake. Masharti yalikuja kwa simu: mama mkwe atarudi Jumamosi saa kumi kukagua bafu na jiko. Akiona ubawa mmoja wa mende, mke wangu harudi. Na nyumba yangu ina vyumba viwili tu, lakini tangu waondoke imekuwa kubwa mno. Binti yangu aliacha kiatu kimoja chini ya kiti na sijathubutu kukiondoa.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," nikajitetea.

"Kicheko kimekuja, tunakubali," akasema Brashi. "Ila sasa mke amekwenda nacho."

Sentimita akanihurumia, akanimiminia kahawa. Nikanywa, mashapo nikayatia Kooni.

"Tatizo lako ni dawa," akasema. "Hizi za kupuliza mende anaziona marashi. Mimi Jumatatu nilichemsha sufuria mbili za maji, nikamwaga yote kwenye tundu la bafu. Toka siku hiyo kwangu ni kimya."

"Maji ya moto!" Brashi akamcheka. "Unawakogesha? Mimi Jumanne walinivamia kama wanakuja kwenye sherehe. Nikamwaga lita moja ya tapentaini yangu ya kuoshea rangi. Mpaka leo sijaona hata kivuli."

"Ndugu zangu, ninyi mnatumia nguvu," Mwalimu akasema, akatoa daftari lake mfukoni mwa shati. Huyu mzee anaandika kila kitu, hata mvua. "Mimi Jumatano walipokuja nilitumia akili. Sumu ya unga, sukari, nikapaka kuzunguka bomba lote. Alhamisi asubuhi, sifuri."

"Hongereni," nikasema kwa uchungu. "Mimi Alhamisi asubuhi nilikuta kumi na saba bafuni. Mmoja amekaa juu ya mswaki wangu, tena yule mwenye doa la kijani mgongoni."

Sindano ya Sentimita ikasimama hewani.

"Doa la kijani?"

"Kijani kabisa. Nadhani ni uzee, au ni cheo."

"Mimi Jumatatu nilimwona wa hivyo," akasema Sentimita polepole. "Nikafikiri ni aina ya wenye sumu. Ndiyo maana nikachemsha sufuria mbili badala ya moja."

Mwalimu Chaki alikuwa amepauka. Akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya chini: "Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mende mkubwa, mgongo wa kijani. Hajawahi kuandikwa popote." Akalifunga. "Nimeshapeleka barua chuo kikuu. Nimependekeza aitwe kwa jina langu."

"Mwalimu!" Brashi akashika kichwa. "Ile ni rangi ya geti la shule! Jumapili nilikuwa nasafisha vifaa vyangu, mende akapita, nikamrushia brashi. Ikampata mgongoni, akazama kwenye bomba na rangi yake!"

Mwalimu akatoa chaki, maana jina halikuja bure, akainama juu ya mfuniko, akachora visanduku vinne: nyumba ya Brashi, ya Sentimita, yake, na yangu. Kutoka kila kisanduku akavuta mstari mmoja.

"Nyumba zetu zote zimepangwa safu moja," akasema, "na mabomba yote ya bafu yanaingia mahali pamoja. Brashi anamrushia brashi, anakimbilia kwa Sentimita. Sentimita anamwaga maji ya moto, wanahamia kwa Brashi. Brashi tapentaini, wanakuja kwangu. Mimi sumu, wanakwenda..."

"Kwangu!" nikaruka. "Wiki nzima mmekaa hapa mnajisifu, kumbe mnanitumia mende!"

"Wewe ulipopuliza uliwapeleka wapi?" Sentimita akaniuliza. "Sikutaka kusema, ila jana mke wangu kakuta watano ndani ya ndoo."

"Mimi nilikuwa najihami!"

"Kujihami! Mkuki kwa nguruwe!"

"Brashi ndiye chanzo, alianza kurusha vitu!" nikapaza sauti.

"Nilirusha kwa nia njema!"

Tulibishana pale, watu wazima wanne, kuhusu uraia wa mende. Sentimita akasema wa asili ni wa Brashi kwa sababu wana rangi yake. Brashi akasema aliyepaka nyumba hageuki kuwa mwenye nyumba. Mwalimu akataka tupige kura. Mwisho nikapuliza filimbi yangu ya kazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu wakatii.

"Sikilizeni. Kurudi kwa mke wangu kunategemea saa moja na dakika kumi zilizobaki. Umoja ni nguvu. Kila mtu achemshe maji kwake. Nikipiga filimbi, tunamwaga wote kwa mpigo. Hawatakuwa na pa kukimbilia."

"Huyo ndiye Komandoo!" akasema Brashi, na nilijisikia vizuri kwa kama nusu dakika.

"Swali moja," akasema Sentimita akiutazama mchoro. "Hayo mabomba yanakutana wapi?"

Mwalimu akafuata mistari yake kwa kidole. Yote minne ilikuja ikakomea kwenye ubao wa drafti.

"Hapa katikati mchoro haukuendelea," akasema. "Ubao umezuia."

"Basi haina shida," nikasema. "Tusiharibu mchezo, Brashi ana kingi mbili."

Naomba msomaji asinicheke mimi peke yangu. Tulikuwa wanne, na mmoja wetu alifundisha sayansi miaka thelathini na moja.

"Hodi wenyewe."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mkoba wake, miguuni kandambili zile zile. Saa yangu ilisema saa tisa na dakika tano.

"Shikamoo mama," tukasema wote, mimi nikiwa wa mwisho.

"Marahaba wanangu. Nimewahi, nilipata usafiri mapema. Mkwe, hujambo?"

"Sijambo mama. Nyumbani, tulikuwa, tunasubiri kidogo, kuna mambo ya kiufundi."

"Hata sina haraka. Ngoja nipumzishe miguu."

Sentimita akafuta benchi kwa kitambaa cha suruali ya mtu, akampa kahawa na kipande cha mkate. Akanywa taratibu, anatutazama mmoja mmoja, na sisi tumekaa wima kama wanafunzi. Akamaliza. Akatafuta pa kumwaga mashapo.

"Hapo kwenye Koo, mama," akasema Brashi kwa ukarimu wote. "Na makombo pia. Sisi vyote tunatia humo."

"Tangu lini?"

"Miaka minane!" Brashi akajibu kwa fahari.

Mama mkwe hakumwaga. Aliinama. Na sisi tukainama. Kutoka ndani ya tundu zilichomoza nyuzi mbili nyembamba, ndefu, zikapapasa huku na huku, zikaligusa ganda la karanga lililokuwa ukingoni. Kisha ganda likavutwa ndani, bila haraka, kwa mazoea.

Brashi akarudisha karanga zake mfukoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mwalimu Chaki kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo yake ya mtihani.

"Sogezeni hiyo drafti," akasema mama mkwe. "Fundi, nipe chuma hicho cha kuchochea mkaa."

"Mama, tafadhali, mimi ni mlinzi, niachie..."

"Nikuachie wewe?" Akanitazama sekunde moja tu. Nikasogea pembeni.

Akapitisha chuma kwenye tundu, akakibinya, mfuniko ukanyanyuka shubiri moja. Walitoka. Sijui idadi na sitadanganya, ila zege lilibadilika rangi. Miaka minane ya mkate na karanga ilitoka mle ndani ikiwa na afya njema, minono, inang'aa, na mingine inaruka.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa sababu nilikuwa natangulia. Nakumbuka tu kwamba nilipopata fahamu zangu nilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, nimekumbatia cherehani. Brashi alikuwa nyuma yangu, Sentimita amejifunga utepe wake mwenyewe miguuni, na Mwalimu Chaki, mwenye magoti mabovu anayesaidiwa kupanda ngazi za benki, alikuwa ameruka bila msaada wa mtu.

Mama mkwe alikuwa peke yake chini. Mkono mmoja kandambili, mkono mwingine birika letu la kahawa, linatoka moshi. Birika lote akalimwaga chembani. Kisha akapiga: paa, paa, paa. Hakukimbia wala hakupayuka. Alipoona waliobaki wamerudi ndani na hawatoki tena, akaurudisha mfuniko kwa mguu, akaziba Koo kwa kitambaa kilekile cha suruali ya mtu, akavaa kandambili yake na kutoa simu.

"Haloo, mwanangu. Ndiyo, nimefika. Mende nimewaona. Hapana, hawatoki kwako, wanafugwa hapa nje na wanaume, wanalishwa karanga. Tutaziba kwa saruji leo leo." Akasikiliza. "Mumeo? Yupo. Yupo juu ya meza ya fundi, amekumbatia cherehani."

Ndipo nikasikia kicheko kwenye simu. Kilitoka mbali, kikakatika, kikaanza tena, na nyuma yake sauti ndogo ikauliza, "Baba kafanya nini? Baba kafanya nini?" Wiki mbili sikuwa nimesikia sauti zile. Nilikuwa juu ya meza mbele ya mtaa mzima, aibu imenijaa mpaka masikioni, na macho yakaanza kulengalenga, safari hii bila vitunguu.

"Anasema watakuja kesho asubuhi," mama mkwe akaniambia. "Anasema usishike kitasa."

"Asante mama."

"Haya, shukeni sasa. Kuna saruji ya kukoroga na uwanja wa kufagia."

Tukachungulia chini. Kwenye mguu wa meza alikuwa amebaki mende mmoja tu, ametulia, mgongo wa kijani, masharubu yanapepea.

"Mmoja tu huyo," akasema mama mkwe. "Nawaachia ninyi. Mwenye kuogopa kidogo kuliko wenzake atangulie."

Tulitazamana. Saa kumi ilipofika tulikuwa bado tunatazamana.