Karata Zenye Mafuta ya Samaki

"Hivi kaka, poka inachezwaje?"

Aliyeuliza alikuwa Odessa Pickens, jirani wa mtaa mzima, siku moja kwenye duka la kufulia nguo kwa mashine pale Shreveport. Aliyeulizwa alikuwa Cornelius Batiste, aliyekuwa amekaa akisubiri shati lake jeupe, la pekee, limalize kuzunguka kwenye povu. Watu wote wa Louisiana walivyo wengi, Odessa akamchagua huyo. Kuna mikosi inayotafutwa kwa tochi.

Cornelius alikuwa mtu wa maneno laini. Angeweza kukuuzia mwavuli wako mwenyewe, na wewe ukamshukuru kwa kukupunguzia bei. Meli za kamari pale mtoni zilikuwa zimempiga marufuku moja baada ya nyingine, mpaka walinzi wakawa wanamtambua kwa mwendo. Lakini wiki hiyo hakuwa akimwinda mtu. Alikuwa na tikiti ya basi la kwenda Houston Jumamosi usiku, maana Jumapili binti yake Lorraine angeolewa. Tatizo ni kwamba kwenye simu, kwa ule mdomo wake, alikuwa amemwahidi kumpeleka kanisani kwa gari la heshima. Gari hana. Hata baiskeli hana.

"Poka?" akasema, akijifanya kushtuka. "Dada, hiyo si kamari?"

"Ndiyo maana nakuuliza polepole. Rafiki yangu Verlene Hargrove alifiwa na mumewe, na nyumba ile sasa imenyamaza kama kabati. Tumesema Jumamosi tukae pale tucheze, tucheke kidogo. Hatuchezi pesa. Pesa ni dhambi. Tutaweka vitu."

"Vitu gani?"

"Vitu tu. Mimi nina blenda. Shemasi Eustace ana redio. Verlene sijui ataweka nini. Labda lile gari la marehemu, Kadilaki. Limekaa tu uani, linapakwa nta ya kung'arishia kila wiki."

Cornelius akafumba macho kama mtu anayesali. Pengine alisali kweli. Mungu husikia sala nyingi za ajabu.

"Dada yangu," akasema, "umefika kwa mwenyewe."

Jumamosi alitangulia kufika kabla ya wengine, na shati lake jeupe limenyooshwa, viatu vyake vya rangi mbili vinameta. Alipita uani kwanza. Kadilaki lilikuwa la buluu ya mbinguni, paa jeupe, vyuma vyake vinawaka mpaka unaweza kujinyoa ndevu mbele yake. Akajiona ameshika usukani, Lorraine na shela lake nyuma, watu wa Houston wamesimama njiani wakiulizana baba huyo ni nani.

Verlene alimkaribisha ndani. Alikuwa mama mfupi, wa maneno machache, na alimtazama mgeni kama mtu anavyotazama maziwa yaliyo jikoni, asije akayaachia yakafurika.

"Mwalimu," akasema, "tufundishe. Sitaki kuwaaibisha wageni wangu."

Basi Cornelius akasimama katikati ya sebule, akafundisha. Na nisimnyime haki yake, alifundisha vizuri. Meza iwe moja, wote wafikiane. Taa iangaze mezani, isimchome mtu machoni. Kila mtu ahesabiwe kunde kavu sawa na mwenzake, hizo ndizo zitakazowekwa mezani badala ya fedha, pamoja na vitu vyao, na waanze na chache chache ili asiyejua asifukuzwe mchezoni kabla hajakolea. Asiyejua aandikiwe kipi kinashinda kipi, na asionewe haya akiuliza. Na saa ya kumaliza isemwe mapema, maana aliyeshindwa huwa hataki kwenda kwake.

"Na karata?" akauliza Verlene. "Nimenunua pakiti mbili mpya."

"Hapana, mama. Karata huletwa na mgeni. Hiyo ndiyo adabu ya mchezo."

Katika mafundisho yake yote, uongo ulikuwa huo mmoja tu. Karata alizotoa mfukoni alikuwa amezikwaruza pembeni kwa ukucha, ree hapa, mfalme pale, malkia chini kidogo, na kidole chake kilizisoma kama kipofu anavyosoma kitabu chake.

"Na chakula?"

"Vitu vikavu, mama. Karanga, bisi. Mafuta hayapatani na karata."

Verlene akamtazama kana kwamba ametukaniwa mama yake.

"Nimwite mtu nyumbani kwangu nimpe karanga? Kwani yeye ni kindi?"

Odessa alipoingia na blenda yake, na Shemasi Eustace na redio yake, katikati ya meza palikuwa na sinia la kambare waliokaangwa kwa unga wa mahindi, maandazi madogo ya chumvi, kabichi ya siki, na chupa ya sosi ya pilipili iliyokuwa inavuja. Shemasi aliomba dua. Aliombea chakula, akaombea mchezo usiwe dhambi, akaombea na mvua, halafu wakaanza.

Mwanzoni mambo yalimnyookea Cornelius. Kila alipogawa, alipitisha kidole pembeni mwa karata, akajua nani ana nini, na mapema tu blenda ikawa yake.

"Ee bwana, Mwalimu ana bahati!" akasema Shemasi.

"Si bahati, Shemasi. Ni kumsoma mtu usoni."

"Basi usinisome mimi. Mimi uso huu nimeurithi."

Walicheka, wakala. Wakacheza, wakala. Odessa alikuwa anachukua samaki kwa mkono uleule anaogawia karata. Shemasi alipenda kulamba gumba. Verlene alikuwa akizunguka na chupa ya sosi akimwagia kila mtu kama anayemwagilia bustani. Na Cornelius mwenyewe, mwalimu wa vitu vikavu, alikula vipande vitatu, kwa sababu samaki wa Verlene walikuwa wa kumfanya mtu asahau kazi yake.

Ndipo kidole chake kikapotea njia. Alipapasa pembeni mwa karata, akakuta utelezi. Akapapasa nyingine, utelezi. Karatasi ilikuwa imekunywa mafuta na kuvimba kama mkate uliolowa, na ile mikwaruzo yake ya ukucha ilikuwa imezibwa kabisa.

"Tuzifute kidogo," akasema.

"Bila shaka," akasema Verlene, akaleta kitambaa. Kilikuwa kitambaa alichofunikia samaki.

Kuanzia hapo Cornelius alicheza gizani. Cha ajabu ni kwamba wenzake ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuona. Odessa, ambaye mwanzoni alidhani ile alama ya shupaza ni picha ya jembe la bustanini, alirudisha blenda yake kwa utulivu. Shemasi aliitazama karata iliyokuwa mkononi mwa Cornelius, akakuna kidevu, akasukuma kunde zake zote mbele, akaichukua saa ya dhahabu ambayo Cornelius alikuwa ameiweka mezani. Dhahabu yake ilikuwa ya juujuu, lakini hata hivyo.

"Mnafanyaje?" akauliza Cornelius.

"Tunamsoma mtu usoni," akasema Shemasi. "Si ulitufundisha?"

Akashikwa na wazimu wa mtu anayeshindwa. Alikuwa ameshika ghulamu watatu, akaona hapa hapana wa kumgusa, akatoa tikiti ya Houston mfukoni akaiweka mezani. Odessa akaangalia dari, akaangalia sinia, akaangalia mgongo wa karata za Cornelius. Kisha akalaza zake. Alikuwa na karata nne za kumi.

"Houston!" akapiga makofi. "Dada yangu yuko Houston! Sijamwona tangu Pasaka!" Akaikunja tikiti, akaitia kifuani, mahali ambapo mwanamume mstaarabu hafuati kitu.

Sasa Cornelius hakuwa na gari, na basi pia hana. Kilichobaki kati yake na harusi ya binti yake ni lile Kadilaki, ama kwenda kwa miguu mpaka Texas. Akamgeukia Verlene na tabasamu lake la mwisho.

"Mama, mbona wewe hujaweka kitu cha maana? Unatuogopa?"

"Niweke nini? Nina gari tu."

"Gari si baya."

Verlene akainuka, akarudi na ufunguo na karatasi ya umiliki wa gari, akaviweka kando ya kabichi.

"Na wewe ongeza," akasema Odessa. "Hizo kunde zako hazijazi hata kijiko."

Cornelius akainama, akavua viatu vyake vya rangi mbili, akaviweka mezani. Shemasi akasogeza sahani yake.

Karata zikagawiwa. Cornelius akafunua zake kidogo kidogo, akaona ree mbili. Verlene alizitazama karata zake kwa muda, akamtazama Cornelius, akazitazama tena, kisha akazilaza kifudifudi.

"Umenishinda, Mwalimu. Chukua gari."

Cornelius hakungoja aambiwe mara ya pili. Alivaa viatu akiwa amesimama, akatia sahihi pale Verlene alipomwonyesha, akachukua ufunguo. Aliwaaga kwa maneno mengi. Aliwasifu samaki, akamsifu marehemu, akawaambia kwamba nyumba yenye upendo haikosi baraka. Kisha akatoka kwenda uani akipiga mluzi.

Ndani wakatega masikio. Ufunguo ulizungushwa. Ukazungushwa tena. Mluzi ukakatika. Boneti likafunguliwa kwa mlio.

Aliporudi mlangoni uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama Hargrove. Mle ndani kuna paka."

"Amezaa juzi. Uende polepole usimshtue."

"Injini iko wapi?"

"Niliiuza. Paa la nyumba lilikuwa linavuja."

"Na ukaliweka mezani!"

"Ulitaka gari. Kuna mtu aliyetaja injini?"

Shemasi Eustace alikuwa amezifunua karata ambazo Verlene alizilaza. "Verlene!" akapaza sauti. "Ulikuwa na malkia watatu! Ulikuwa umemshinda!"

"Najua. Yeye alikuwa na ree mbili. Moja ina sosi ya Odessa, nyingine ina gumba lako."

Cornelius akazitazama zile karata zilizotapakaa mezani. Kwa mara ya kwanza akaziona kama walivyoziona wao: yenye doa la pilipili, yenye alama ya kidole cha Odessa, yenye chembe ya unga, yenye siki ya kabichi. Pakiti nzima ilikuwa imesomeka tangu samaki wa pili, kwa kila mtu isipokuwa yeye, aliyekuwa anatafuta ukucha wake mwenyewe.

"Manispaa wamekuja mara ngapi sijui, niliondoe au nitozwe faini," akasema Verlene. "Wa kulikokota anataka pesa za kuzikia mtu. Nikamwomba Mungu aniletee wa kulichukua kwa hiari yake. Sikujua atakuja na viatu vya rangi mbili. Faini sasa zitakuja kwa jina lako. Umeandika vizuri, herufi zinasomeka."

Odessa alicheka mpaka akashika meza. Shemasi alicheka bila sauti, mabega tu. Cornelius akakaa chini, na hakuna aliyemwambia akae.

"Binti yangu anaolewa kesho," akasema. "Houston."

"Haya, sasa harusi!" akasema Odessa. "Na ubatizo je?"

"Anaitwa Lorraine. Nilimwambia nitampeleka kanisani kwa gari. Ameshawaambia wenzake."

Alisema bila madoido, na sauti yake yenyewe ilionekana kutoizoea kazi hiyo. Verlene akamwangalia mkononi.

"Shati hilo ndilo la harusi?"

"Ndilo."

Kwenye mkono wa shati palikuwa na doa la mafuta, kubwa kama jani.

"Odessa," akasema Verlene.

"Nini?"

"Unajua ninachotaka."

"Verlene! Mimi nimeishinda kihalali!"

"Uliishinda kwa sosi."

Odessa akatweta, akalalamika juu ya dada yake wa Houston, akamtaja mpaka shemeji yake. Kisha akaingiza mkono kifuani, akaitoa ile tikiti, imekunjika na ina joto, akaibwaga mezani. Shemasi Eustace, bila kuambiwa, akavua saa mkononi.

"Chukua na hii. Hata haitembei."

"Mwambie umekuja na basi," akasema Verlene. "Kama kanisa liko karibu, mpeleke kwa miguu, umshike mkono. Kama liko mbali, wapo watu wenye magari. Waombe."

Cornelius Batiste alikuwa na neno kwa kila jambo. Alikuwa na neno kwa polisi, kwa wajane, kwa wenye nyumba wanaodai kodi. Akafungua mdomo. Wale watatu wakangoja, hata Odessa aliacha kutafuna, wapate kuona sasa atatoa lipi.

Akafunga mdomo. Akaichukua tikiti kwa vidole viwili asije akaipaka mafuta, akaiacha saa pale pale, akatoka.