Okidi ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Okidi yangu imechanua! Nyekundu iliyokolea, madoa ya zambarau, iko juu ya meza ya saluni katikati ya chupa za marashi. Miaka sita kwenye mashindano ya wapanda maua nimeambulia makofi tu. Jumamosi kikombe ni changu. Sharti ni moja: mdudu anayebeba chavua ya ua hilo atue juu yake mbele ya waamuzi. Nyuki gani atalikataa ua la kinyozi kama mimi?

Jumanne, 4 Machi
Wateja wawili wameondoka na nusu kichwa. Eti saluni inanuka mzoga. Nimenusa: marashi tu, kama siku zote. Pua hii ina miaka ishirini kazini. Ni nyama ya shemeji yangu, mwenye bucha mlango wa pili. Nimemwandikia afisa wa afya.

Jumatano, 5 Machi
Afisa amekuja. Akakagua bucha, akasema ni safi. Kisha akafuata harufu hadi kwenye okidi yangu! Akaeleza kwamba ua hili hunuka makusudi kama nyama iliyooza. Nzi hudhani amepata mlo, huingia, hutoka na chavua mgongoni na kuipeleka kwenye ua jingine. Shemeji alicheka mpaka akashikilia mlango. Mke wangu ameniambia nikamwombe kaka yake radhi. Nitalifikiria.
Nzi! Ua langu mimi lingoje nzi?

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi nililipulizia ua marashi ya maharusi. Heshima ni heshima. Waamuzi watatu wakasubiri. Nzi wakaja, wakazunguka, wakaghairi. Shemeji alikuwa nyuma yangu na aproni yake ya kazini. Alifunga bucha aje kunishangilia, licha ya ile barua. Nzi wote wakatua kwake.
Mwamuzi mkuu alisema bila marashi ningeshinda. Kikombe amechukua mwalimu mstaafu, kwa kiokidi cheupe na nyuki mmoja mchovu. Shemeji hakucheka. Alinibebea chungu hadi nyumbani, nami niliona aibu, kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu, kama mtu mzima. Kosa nimeliona, na nina uhakika hakuna mwamuzi ambaye angeligundua: marashi yalikuwa machache. Mwakani nabeba chupa mbili. Moja ya ua, moja ya shemeji.