Mashine Isiyo na Waya

Tai Nyekundu, tapeli aliyeitwa hivyo kwa tai yake ya shingoni, alipochungulia ofisi ya wakili na kuona mafaili yamefika dirishani, wateja wamejaa kwenye korido, na karani anasaka hati huku akipiga chafya, moyo ulimdunda kwa furaha. Tapeli wa kweli, jamani, hahangaiki na wenye pesa. Anawatafuta wenye haraka.

Mwenyewe alikuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa analala sebuleni kwa dada yake, na shemeji alishatamka: ikifika Jumapili hana kitu, kochi lirudi kuwa kochi.

Ijumaa akatua na skana. Bodi inang'aa, taa za bluu, mngurumo wa kitaalamu. Ndani, mota tu ya kuvuta karatasi. Akaweka karatasi moja, mashine ikaimeza, ikaitema, na picha yake ikatokea kwenye laptopu. Ilikuwa humo tangu jana.

Wakili, mama wa makamo mwenye miwani juu ya paji la uso, aliizunguka mashine taratibu.

"Inasoma pande zote mbili?"

"Mama, ingekuwepo ya tatu ingesoma na hiyo."

"Na karatasi zilizokunjamana?"

"Hizo ndizo inazozipenda."

"Mbona sioni waya wa kwenda kwenye kompyuta?"

Loo! Waya aliusahau kabisa. Lakini huyu bwana hakosi jibu. "Za waya zimepitwa na wakati, mama. Hii inarusha hewani."

"Hewani," wakili akasema, akashusha miwani. "Sawa, mwanangu. Kila muuzaji hapa nampa jaribio. Kesho hatuna wateja. Skani lote kabati la kulia kule chumba cha nyuma, jioni nikute kila faili kwenye flashi, nikupe malipo ya awali palepale."

Angetimua mbio. Lakini kochi, jamani! Jumamosi asubuhi akaingia chumba cha nyuma, ambacho mlango wake ulizuiwa usijifunge kwa mashine moja nzito, nyeusi, taa zimezima. Hakuuliza. Akatoa simu, akaanza kupiga picha ukurasa mmoja mmoja. Karani akipita, anawasha mota ingurume. Mgongo ukawaka moto, vidole vikafa ganzi, tai akaifanya kitambaa cha jasho. Mtu aliyeikwepa kazi halali maisha yake yote, leo anaifanya kutwa nzima, bure, tena vizuri!

Jioni wakili akachomeka flashi. "Safi sana. Hata majina ya mafaili umeandika."

"Sasa ile ya awali, mama..."

"Ngoja nimwite fundi aifungue mashine yako kwanza, tuone inavyorusha hewani. Yuko hapo jirani."

Tai Nyekundu akaikumbuka ile mashine nyeusi mlangoni. Akili ikamfunguka, imechelewa. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mwenzako alimaliza kabati la kushoto," wakili akasema kwa upole. "Ila majina hakuandika. Yako iache, mlango wa mbele nao unajipigiza. Na Jumatatu asubuhi uje, karani anahitaji msaidizi. Mshahara mwisho wa mwezi. Simu uje nayo."

Alishuka ngazi, akampigia dada yake.

"Dada, nimepata kazi. Ya ofisini. Kweli kabisa!"

Dada akaangua kicheko, akamwita mumewe: "Baba watoto, hebu njoo usikie anachotuuzia leo!"